Ushuhuda wa Emelyne

Kawajense, Mpanda

Arcade mwanangu,

"Kijana aliyeokoka haogopi kufa." Ndivyo ulivyowaandikia wanakwaya wako. Nimechoka kubishana na wewe, lakini hili sitalinyamazia. Yesu mwenyewe alitokwa na jasho Gethsemane, akaomba kikombe kile kimwepuke. Naye alikuwa hajaokoka?

Huku mvua imesuasua na mahindi yamesinyaa. Mama yenu ameanza tena kuumwa mgongo.

Dada yako Emelyne hajambo kwa nje tu. Daktari alisema moyo wake unatibika akiwahi Mwanza. Lakini tangu atoe ushuhuda kanisani mbele ya vijana wenu kwamba yuko tayari kwenda kwa Bwana, ameikataa rufaa ya kwenda hospitali huko. "Shangazi, nikipanda basi watasema nimerudi nyuma." Juzi wanakwaya walikuja kumtia moyo, wakamwomba achague nyimbo za maziko yake. Akachagua, anacheka nao. Walipoondoka akanishika mkono: "Shangazi, hivi kule chini mtu anasikia baridi?"

Anaogopa, Arcade, na hana wa kumwambia isipokuwa mimi mnayeniita mbishi wa dini.

Basi njoo. Wewe na hao wanakwaya, simameni Jumapili hii mbele ya kanisa lile lile, mwambieni Emelyne kwamba kuogopa kufa si dhambi. Msiimbe. Kisha wewe, kaka yake, mpandishe basi la Mwanza ukae naye kiti kimoja.

Shangazi yako, niliyechoka kuzika vijana,
Prisila