Alama za Watu Wawili

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo nimeletewa mtoto. Mwalimu Mkuu Bartholomeo kaingia darasani kwangu, la pili A, bila hodi. Msichana wa miaka kama kumi mbele yake, mama wa msichana nyuma. Akasema huyu anaitwa Mageni, hasikii, hajawahi kusoma popote, na wewe Apolonia ndiye uliyekwenda semina. Basi. Akatoka.

Semina! Siku mbili Geita mjini mwaka jana, chai na chapati, mada kumi na moja. Uziwi ulipata dakika arobaini, watu wote wakinusa pilau. Mwishoni tukajaza dodoso: "Ninajiamini kumfundisha mwanafunzi asiyesikia", chagua moja hadi tano. Nilichagua nne. Jirani yangu alichagua tano, nikaona nne ndiyo unyenyekevu.

Wanafunzi wangu walikuwa mia moja na kumi na wawili. Sasa mia moja na kumi na watatu. Nimemkalisha mbele kabisa. Mama yake anauza chakula kule kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Kiswahili chake kidogo, Kisukuma changu hakipo. Tukabaki tunatazamana na kutabasamu kama wajinga.

Jumatano, 7 Februari

Siku ya tatu nampigia kelele mtoto asiyesikia. Nasema polepole, kwa sauti kubwa, "MA-GE-NI, KA-LA-MU", na darasa zima linacheka. Ananitazama kwa huruma. Kweli, huruma! Yeye ananihurumia mimi.

Wenzake wanamwita Bubu. Mchana kampiga mmoja kofi. Sijui alijuaje kwamba ametukanwa. Sikumwadhibu.

Alhamisi, 15 Februari

Limetokea jambo. Mageni alikuwa anataka nimtazame, mimi naandika ubaoni. Akaja mbele, akanivuta sketi, akagusa meno yake ya mbele, akaninyooshea kidole. Meno — wewe. Ni mwanya wangu! Kanipa jina.

Nami nikamgusa kovu lake la kwenye nyusi. Kovu — wewe. Akacheka. Ana kicheko kikubwa, hakijui kujificha. Darasa zima likageuka.

Nimeanza daftari. Alama ya kwanza: mwanya, Madamu. Ya pili: kovu, Mageni. Ya tatu alinipa jioni, kukoroga chungu: mama yake.

Jumamosi, 2 Machi

Mama kapiga simu kutoka Songea. Aliuliza nimezoea? Mwaka wa tatu huu, bado anauliza nimezoea. Nikasema nimezoea.

Sijazoea. Ofisini walimu wakianza stori kwa Kiswahili, ikifika pale penye utamu wanahamia Kisukuma. Wanacheka, nami nacheka. Halafu nasahihisha madaftari. Si wabaya, wamesahau tu kwamba nipo. Jumamosi kama leo nafua, napika, napiga pasi nguo ambazo hazina pa kwenda. Saa nane mchana siku imeisha.

Kwenye kundi letu la semina wametuma kamusi ya lugha ya alama, ile ya viziwi wa Tanzania, kwenye simu. Faili zito. Nitalifungua nikipata bando.

Jumatatu, 18 Machi

Wamefunga karasha jipya nyuma ya uzio wa shule. Leo saa nne limewaka katikati ya hesabu za kutoa kwa kuchukua. Mngurumo mpaka vumbi la dari likatudondokea. Nikafungua mdomo, sijisikii hata mwenyewe. Watoto mia na kumi na wawili wametoa macho.

Nikaacha kusema. Nikafundisha kwa mikono: kumi moja ninayo, naivunja, vijiti kumi hivi hapa. Mageni peke yake ndiye aliyepata. Akaenda ubaoni, akafanya la pili na la tatu, akageuka kuwatazama wenzake, mkono kiunoni. Malkia!

Hakuna aliyemwita Bubu leo.

Jumanne, 14 Mei

Alama tisini na sita. "Kesho" ni kulaza shavu kwenye kiganja kisha kidole juu. "Shule" ni kukung'uta chaki mikononi. "Uongo" ni kukunja kidole mbele ya pua — hiyo kaitunga yeye, siku niliyomwambia pipi zimekwisha, na kumbe aliziona.

Anaandika jina lake na la mama yake. Leo kaandika MAJI, akaenda mtungini, akarudi na kikombe. Sikuonyesha picha, sikumsaidia. Kasoma neno!

Sasa ningeulizwa kama najiamini, ningesema ndiyo bila kupepesa. Anabaki nami baada ya masomo mpaka mama yake afunge biashara. Tunapika. Ananieleza habari za kijiji kizima: nani kagombana na nani, nani anatembea na mke wa mtu. Anaona kila kitu. Hii ndiyo mara ya kwanza tangu nije huku ninapopewa umbea.

Jumapili, 9 Juni

Likizo. Sikwenda Songea. Nilimwambia Mama nauli imepanda. Imepanda kweli, lakini si hiyo sababu.

Bando nililinunua leo. Nikafungua lile faili la kamusi. Nilitaka kuhakikisha tu. "Mama", siyo ile yetu. "Shule", siyo. "Kesho", siyo. Nikaenda ukurasa baada ya ukurasa. Katika zetu mia moja na arobaini, zilizofanana nilihesabu tisa.

Mageni alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage. Akaniuliza, unaona nini? Nikazima simu.

Nitaanza kumfundisha zile za kweli muhula ujao. Mtu huwezi kumvunjia mtoto nyumba na yumo ndani. Polepole.

Naandika hivyo, na najua. Zile za kweli watazijua watu wengi. Hizi ni zetu.

Ijumaa, 12 Julai

Wageni kutoka wilayani. Mwalimu Mkuu kawaleta moja kwa moja darasani kwangu. Mageni akasoma sentensi nne kutoka mikononi mwangu na kuziandika ubaoni bila kosa. Wakapiga makofi, wengine wakampigia video. Ofisini wakanipisha kiti. Wakaongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho!

Mwalimu Mkuu kafurahi mno. Kasema amewaandikia shule ya bweni yenye kitengo cha viziwi, kule Shinyanga mjini, waje waone maajabu. Nikasema vizuri, Mwalimu.

Zile za kweli sijaanza. Hata moja.

Alhamisi, 22 Agosti

Wamekuja. Mwalimu Sesilia, mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Yeye mwenyewe hasikii. Kaja na mkalimani wake, kijana anaitwa Januari.

Sesilia alipiga goti mbele ya Mageni, akamsalimia kwa mikono. Mikono mizuri ile, haigugumizi. Mageni akaitazama kama unavyosikiliza redio ya Kichina. Akanigeukia mimi.

Sesilia akatoa picha. Mwanamke na mtoto. Mageni akakoroga chungu: mama. Sesilia akamwambia Januari, anasema chakula? Picha ya shule. Mageni akakung'uta chaki. Anasema mikono michafu? Mageni akarudia, kwa nguvu zaidi, kisha akanitazama — hawa vipi hawa?

Ikabidi niingie kati. Mageni ananiambia mimi, mimi namwambia Januari kwa mdomo, Januari anamwambia Sesilia kwa mikono. Swali moja watu wanne. Viziwi wawili uso kwa uso, na walioongea ni wanaosikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye Sesilia aliomba tukae nje sisi watatu. Hakugomba, bora angegomba. Akasema mtoto ana akili nyingi, tena lugha anayo, hilo ulifanya wewe na nakushukuru. Ila lugha hiyo ina wasemaji wawili dunia nzima. Siku ukihamishwa atabaki nani? Akasema miaka kumi ni mingi tayari, kila muhula unaopita hauji tena. Atamwombea nafasi.

Kisha akauliza: hukuwahi kupata kamusi?

Nikasema sikupata.

Ijumaa, 23 Agosti

Mageni kaja asubuhi kabla ya kengele. Akafanya alama moja aliyoiona jana kwa Sesilia. Kaishika kichwani usiku mzima, vidole vimekaa sawasawa. Akauliza, hii ni nini?

Nilijua. Niliiona kwenye kamusi. Ni "rafiki".

Nikapandisha mabega. Sijui.

Nina aibu mpaka najisikia homa.

Jumatano, 11 Septemba

Barua imefika. Nafasi ipo. Aripoti Jumatatu tarehe 16, godoro na ndoo.

Mama Mageni kaja ofisini na kanga yake nzuri. Alisema kwa Kisukuma, Mwalimu Mkuu akanitafsiria. Akasema: miaka mitatu iliyopita nilimpeleka kwa shangazi yake Kishapu, nilikuwa mgonjwa. Sikuwa na namna ya kumweleza. Nilimshika mkono tu, tukapanda gari, nikamwacha. Siku nne hakula. Siku ya tano wakamkuta barabarani, anafuata njia gari lilikopita. Sirudii tena, Mwalimu. Mimi kumwambia siwezi, wewe unaweza. Akikubali, ataenda. Akikataa simlazimishi, abaki na wewe.

Abaki na wewe! Mwalimu Mkuu alipotafsiri hilo nilitazama dirishani. Ilikuwa ni furaha, nisijidanganye. Ningemweleza vibaya kidogo tu — uso wa huzuni tu ungetosha — angekataa, na hakuna ambaye angejua.

Nikasema nitamwambia vizuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia.

Ilikuwa uani kwao, saa nane mchana, mama yake anapeta mchele pembeni. Nilianza vizuri. Kesho — gari — shule. Watoto wengi. Hawasikii, kama wewe. Mikono inasema. Macho yakamtoka. Wangapi? Nikafungua vidole vyote kumi, nikafunga, nikafungua, nikafunga. Hakuamini. Akaniuliza kama ni uongo, kidole mbele ya pua. Nikasema si uongo. Akataka kujua wanakula nini, kama wana mpira, kama yule mama wa miwani yuko. Yuko. Akapiga makofi.

Nikafika pa kulala huko. Kulala, kuamka, kulala, kuamka. Kwa "Desemba", atakaporudi likizo, hatuna alama. Nikahesabu usiku mmoja mmoja mpaka akanishika mikono nikome. Uso ukabadilika. Mama? Nikasema mama atarudi kwenye makarasha, kwenye chakula chake.

Halafu akagusa meno ya mbele. Madamu. Akakung'uta chaki. Akalaza shavu kwenye kiganja. Nyusi juu, anangoja. Madamu atalala huko shuleni?

Kichwa kilishaanza kutikisika, taratibu, kile cha kukataa. Nilikiona. Nikaona pia mwaka wa nne na wa tano naye hapa kwangu, anachambua maharage, ananipa umbea, mimi peke yangu ndiye mtu wake. Nilikitaka kitu hicho kuliko chochote. Na nikaona kwamba nikisema ukweli, ndicho nitakachopata.

Nikasema ndiyo.

Akaruka. Akanikumbatia kiuno, akakimbilia ndani.

Mama yake akauliza, amesemaje, Mwalimu?

Amekubali, nikasema.

Akaweka ungo chini. Wabeja, Mwalimu, wabeja sana. Akapiga magoti kunishukuru, nikamwinua haraka, siwezi kutazamwa vile. Gari linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tunapita Kahama. Nitawasindikiza, nirudi na mama jioni.

Nilikuja nyumbani nikisema nitapumzika kidogo, nifikirie, nirudi kwao kabla ya magharibi nimwambie upya. Lazima nimwambie upya. Na nikimwambia hatapanda gari.

Sasa ni saa kumi na moja. Naandika hapa mezani na mlango uko wazi, maana Mageni yumo humu chumbani. Kaja na mfuko mkubwa wa salfeti aliouomba kwa jirani. Nilidhani ni wa vitu vyake. Vyake kashafunga. Katoa nguo zangu kambani, anazikunja moja moja mkekani. Gauni la bluu limeshaingia. Sketi mbili zimeingia. Ameshika viatu vyangu vya kanisani, ananionyesha: hivi pia?