Koti la Njano Lisilo Kwenye Filamu

Kilakala, Morogoro
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mjomba wangu Laurenti,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mgeta? Na mkaza mjomba Josephina, kifua chake kimetulia? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Unajua kwamba nikitoka kazini masjala huwa nashona. Bi. Mwanvita, mbunifu wa mavazi hapa mjini, amenikubalia nionyeshe nguo zangu sita kwenye onyesho lake la tarehe 31. Sharti lake ni moja: kila mshonaji achukue mawazo kwenye sinema au kazi ya sanaa. Mimi sikuhangaika kutafuta. Nilichukua ile filamu ya mpelelezi wa kike uliyoionyesha kwenye banda lako la video nilipokuwa mdogo. Tangazo lake ulilichora mwenyewe kwenye turubai: mwanamke mwenye koti refu la njano, kola tabaka juu ya tabaka, mikono mipana. Nguo zangu zote zimetoka kwenye koti lile.

Jana Bi. Mwanvita aliipata filamu yenyewe, anataka vipande vyake vionekane ukutani wanamitindo wakipita. Nimeitazama kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, nikairudia. Koti halimo, mjomba. Yule mama anavaa suruali nyeusi mpaka maadui wanaisha.

Je, nimekosea filamu? Nilishamhakikishia Bi. Mwanvita kwamba koti limo, na bosi wangu atakuwa ukumbini. Karani wa masjala akishaonekana mwongo, nani atamkabidhi jalada? Najua kwako mtandao unashika juu ya kilima tu, kwa hiyo nijibu kwa mkono wa Benedikto, gari lake la kabichi likishuka.

Mpwa wako,
Winfrida


Kilakala
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba kimya hiki kisiwe cha ugonjwa.

Nilimfuata Benedikto sokoni mwenyewe. Akaniambia, "Dada, mzee wako nilimkuta juu ya paa la banda la mbuzi. Nimempigia honi, hata hakugeuka!" Hofu ikazidi. Mtu mwenye goti lile anatafuta nini juu ya paa?

Nimeamua kujitoa. Ijumaa nitakwenda kumwambia Bi. Mwanvita. Koti nimelikunja, liko uvunguni. Usione nakulaumu, mjomba. Banda lako ndilo lililonifundisha kutazama nguo za watu, na nakushukuru kwa hilo hata kama sitaonyesha chochote. Nijulishe tu kama umeshuka salama.

Mpwa wako,
Winfrida


Nyandira, Mgeta
Jumatano, 21 Agosti 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba, mwanangu. Milele amina. Goti linalalamika lakini linakwenda. Mkaza mjomba wako anakohoa asubuhi, kisha ananigombeza mpaka jioni, kwa hiyo ni mzima.

Hujakosea filamu. Kanda ilikuwa ikipanda kutoka mjini siku ya kuonyeshwa, na watu wanataka tangazo tangu siku ya gulio. Ningechora nini? Mwenye kanda alinipa maneno tu: "Mwanamke, mpelelezi, nchi ya baridi." Basi nikachora. Karibu kijiji kizima kilijua, ila wewe ulikuwa mdogo, unakaa mbele kabisa, unameza kila kitu.

Baridi ninayoijua ni ya hapa, nikalirefusha koti. Nilikuwa nimekaa shambani, kola nikaitoa kwenye kabichi. Tazama majani yake yanavyokumbatiana. Njano ilibaki tulipopaka milango ya zahanati. Na ile mikono mipana ni ya gauni la kwaya la marehemu mama yako. Dada yangu akiinua mikono kuimba, ungedhani anataka kuruka.

Sasa wewe msomi, si umeandika "sinema au kazi ya sanaa"? Turubai langu unaliita nini? Josephina alikuwa ameezekea nalo banda la mbuzi. Nimelishusha, nimeliosha, nimelianika kwenye ukungu huu usiokausha kitu, ndiyo sababu ya kuchelewa. Miguu ya yule mpelelezi imeliwa na mvua. Koti limebaki. Benedikto analo pamoja na barua hii.

Usijitoe. Waeleze kama ilivyokuwa. Josephina anasema, "Akijitoa anirudishie turubai langu, mbuzi wanaona baridi!"

Mjomba wako,
Laurenti


Kilakala
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mkaza mjomba. Leo nimelala mpaka kengele ya misa ya pili, mjue kwamba nina afya.

Turubai lilifika Alhamisi ile ile, siku moja kabla ya Ijumaa niliyopanga kujitoa. Ijumaa nilikwenda nalo kwa Bi. Mwanvita, nikalikunjua sakafuni. Alilizunguka, akavua miwani, akasema, "Binti, kwa nini ulinihangaisha na filamu?" Tuliifuta filamu. Nyuma ya jukwaa likatundikwa turubai.

Jana nilipewa kipaza sauti. Nilisema tu: "Koti hili halimo kwenye filamu. Mjomba wangu alilichora kabla kanda haijafika." Watu wakageukiana. Nikajua nimekwisha. Ndipo mama mmoja muuza karoti, mtu wa huko kwenu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mimi nililisubiri koti hilo bandani mpaka taa zikawashwa! Laurenti we!" Watu wakaangua kicheko, bosi wangu akifuta machozi, na koti likatoka. Kola ilikaa kama ulivyosema. Msichana aliyelivaa alipoinua mikono, nilimwona mama.

Baadaye yule muuza karoti alikuja, akaishika kola, akasema taratibu, "Kumbe lilikuwa njiani."

Mjomba, asante. Kwa turubai, kwa goti ulilolipandisha paa, kwa kutonificha kitu. Bi. Mwanvita ameniita tena mwakani. Sijatafuta filamu yoyote. Benedikto anakuletea maturubai mawili, moja la mbuzi na moja jeupe, pamoja na rangi. Kwenye lile jeupe chora chochote. Wewe tangulia, mimi nitafuata na sindano.

Mpwa wako,
Winfrida