Mimba Niliyoitangaza Kilabuni

Jumatatu, 3 Machi
Nimefunga mbuzi, nimekunywa uji. Mke wangu Spesioza ana mimba. Kazi yangu, mimi mzee wa meno manne! Jana niliitangaza kilabuni, wakaninunulia pombe ya ndizi.

Basi, uongo. Hajaona siku zake tangu mwaka jana, hilo kweli. Lakini kipimo cha zahanati kilikataa. Nilijua. Pombe ilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Machi
Majirani wameleta kunde za mjamzito. Spesioza kapokea, kashukuru, kaingia ndani kulia. Mume wake wa kwanza alimfukuza kwa kukosa mtoto. Nimejiona mbwa.

Jumatatu, 10 Machi
Kapanda bodaboda kwenda hospitali Kasulu. Kijana wa bodaboda ana mabega mapana. Karudi jioni anatabasamu peke yake. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumanne, 18 Machi
Sasa kila alfajiri anatoka, raba miguuni, mbiombio njia ya Nyakitonto. Ugali anamega kama mgeni. Anapendeza, shetani yule. Nani anajikondesha kwa ajili ya mzee? Kuna mtu. Nitamvunja mabega.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemfuata. Magoti yakagoma, nikakaa kwenye jiwe. Akanikuta.

"We mzee, unanivizia?"

"Unakutana na nani?"

"Na kilima hiki, mume wangu. Daktari kaniagiza."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza. Ugonjwa wake unaitwa PCOS. Homoni zimevurugika, mayai hayapevuki vizuri. Ndiyo siku zinapotea, mwili unanenepa, ndevu zinaota kidevuni. Damu walimpima, tumbo wakalitazama kwa mashine. Dawa: vidonge, kutembea, kupunguza wanga.

"Mimi si mgumba," akasema. "Mtoto anaweza kupatikana. Ila na wewe ukapimwe."

Hapo sikucheka.

Jumapili, 23 Machi
Nimewaambia kilabuni hakuna mimba. Wamenizomea vizuri. Mmoja akasema nimrudishe mke kwao. Nikammwagia pombe yake.

Jumamosi, 12 Aprili
Kaona siku zake. Kaniambia jikoni, taratibu, kama habari ya mvua.

Ndevu bado. Daktari kasema hizo huchelewa kupungua. Daktari huyo namwonea wivu hata sasa, kajua shida ya mke wangu kabla yangu. Lakini aliyemnyoa Spesioza leo uani ni mimi, kwa wembe mpya. Yeye kafumba macho. Sikumkata hata kidogo.

Kisogo changu nacho kimeota nywele na mkono wangu haufiki. Nimekaa kwenye kigoda, namngoja amalize vyombo. Zamu yangu, Spesi. Ninyoe.