Karatasi ya Mjomba Imeandikwa na Mimi

Mpendwa Mama Janeth, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinitaje jina, maana habari hii ikiwafikia watu wa kwetu kabla sijajua la kufanya sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, naishi Mafiga, nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa mjini, kutoa kopi, kuchapa barua za watu na kuprinti. Mwaka jana nilihudhuria semina ya siku mbili ya watu wanaojitolea kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akaandika na akasahihisha, nikaipenda kupita kiasi, nikawa kila wateja wakipungua nafungua kompyuta narekebisha herufi, naongeza picha, nikasahihishwa na mimi nikasahihisha wengine, na nisikufiche Mama, ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu nilichoandika kinasomwa na mtu asiyenijua.

Basi nikaona kijiji chetu huko juu Uluguru hakina ukurasa, nikaufungua mimi, nikaandika habari za baridi, njegere, karoti na stroberi, na nilipofika kwenye historia nikaandika yale aliyonisimulia Mjomba Gervas, kaka mkubwa wa mama yangu, kwamba wa kwanza kufyeka bonde la mto walikuwa ukoo wetu, na ukoo wa jirani walifika baadaye wakaazimwa mashamba ya kulima. Unajua sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba kwangu si mtu wa kusalimia na kupita, ndiye aliyenisomesha baada ya baba kuondoka, na akisema jambo la ukoo mimi nanyamaza nasikiliza.

Siku ya pili nikakuta mhariri mmoja anayejiita Mikidadi ameweka alama kwenye ile sentensi, imeandikwa "chanzo kinahitajika", Mama nilikasirika, niliona kama mtu amesimama mbele ya mjomba wangu akamwambia umedanganya, nikaifuta ile alama. Akairudisha. Nikaifuta tena, akairudisha, nikaifuta mara ya tatu na nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, "Wewe huko uliko unamjua mjomba wangu?" Akanijibu kwa upole, "Simjui dada, ndiyo maana nauliza." Sikumjibu, na yeye akaacha, nikajiona nimeshinda.

Sasa wiki mbili zilizopita Mjomba Gervas ameingia dukani kwetu mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, ananipa simu ya binti yake Witness, ananiambia Witness ametafuta jina la kijiji kwenye mtandao ameukuta ukurasa huu, niuprinti kwa rangi na niuwekee lamineshi, ile plastiki ngumu kama ya vyeti. Nikatazama, ni ukurasa wangu. Nikamuuliza ni wa nini, akasema kuna kesi na Bi Mwaisha kwenye baraza la usuluhishi la kata kuhusu lile shamba la bondeni, na anataka wazee waone. "Haya wameandika wasomi," akaniambia, "na mimi sijawahi kukaa nao hata siku moja. Kama wamesema vilevile nilivyosema mimi, basi ndivyo ilivyokuwa." Alikuwa na furaha Mama, sijamwona na furaha hivyo tangu bibi afariki. Nikaiprinti. Nikaitia lamineshi kwa mikono yangu mwenyewe, akaondoka nayo.

Bi Mwaisha ni mama mzee, mjane, wa huo ukoo wa jirani, analima maharage na kabichi hapo bondeni na hana shamba jingine, na yeye anasema bibi yake alizikwa palepale kabla watu wetu hawajafika. Nani mkweli mimi sijui, na nakiri sikuwahi kumuuliza, wala sikufikiria kama kuna wa kuulizwa.

Jumatatu iliyopita ameshuka mjini na tenga lake la kabichi, akapita dukani, nikamwamkia, akakaa kwenye kibenchi akaniambia, "Mwanangu, wewe unafanya kazi na hivi vyombo. Nasikia mjomba wako ana karatasi ya mtandao inasema sisi tuliazimwa. Hivi huko ni nani anaandika? Nataka nimpate nimuulize, maana kwangu hajafika." Mama Janeth, nilimwambia, "Sijui, bibi." Akanishukuru, akaniachia kabichi moja.

Kesi inasikilizwa Alhamisi ijayo. Nimemwambia mama yangu, amesema ninyamaze, damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mtoto wa dada hamwaibishi mjomba wake mbele ya watu. Nikifuta ukurasa wote, yeye karatasi anayo. Nikisema, nimemgeuka mtu aliyenilea. Nikinyamaza, yule mama anapoteza shamba kwa sentensi yangu. Chakula hakipiti. Nifanye nini?

Mwandishi Mpya, Mafiga

MAMA JANETH ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha yote, kwa hiyo kula kwanza, hiyo kabichi usiiache ioze.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili. Nimempigia mwalimu Deogratias, rafiki wa familia yetu, aliyekaa miaka sita akihariri kwenye kamusi hizo, nikamsomea barua yako. Amecheka, si kwa kukudharau. Anasema yeye ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa kwaya yao ya parokia, akaandika ndiyo kwaya bora Morogoro nzima, ukafutwa, akanuna mwezi. Kila mgeni anaingia na kitu anachokipenda, na anayemuuliza "umejuaje?" anamwona adui. Kosa lako la kwanza ni la kila anayejifunza kazi, na kwa hilo sikulaumu.

La pili nakulaumu. Ulipoifuta ile alama mara tatu hukuwa unamlinda mjomba wako, ulikuwa unajilinda wewe usiulizwe. Wewe umelelewa kwamba neno la mjomba halidaiwi ushahidi, na nyumbani hiyo ni adabu nzuri, endelea nayo. Lakini ulilichukua neno la nyumbani ukalipeleka mahali ambapo msomaji hajui limetoka kwa nani, na ile alama ndiyo pekee iliyokuwa inamwambia asubiri kidogo kabla ya kuamini. Ungeiacha, mjomba wako angeprinti na alama yake, na wazee wa baraza wangeiona.

Na lile "sijui, bibi" sitalipamba. Ulimdanganya mtu mzima aliyekuwa anakuuliza kwa heshima. Najua uliogopa. Ukipata nafasi ya kulirekebisha, na unayo, usiipitishe.

Sasa sikiliza. Leo Jumamosi unaposoma gazeti hili umebaki na siku tano. Kabla hujala chakula cha mchana fungua kompyuta, ondoa sentensi hiyo ya nani alitangulia, na kwenye ukurasa wa majadiliano andika ukweli wote: kwamba ulisimuliwa na mjomba wako, kwamba ukoo unaohusika ni wako, kwamba ardhi hiyo ina mgogoro, na kwamba alama uliifuta wewe bila haki. Usiufute ukurasa wote, njegere na karoti hazina kosa. Deogratias anasema kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa na saa yake, kwa hiyo atakayetaka kujua kilichotokea ataona. Iprinti hiyo historia, maana utaihitaji. Kisha mwombe radhi Mikidadi. Ameonyesha uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao.

Kesho baada ya misa panda kwa mjomba wako. Usimpigie simu, na usimtume Witness. Mchukue mama yako hata kama ananuna. Mama yako amesema damu ni nzito kuliko maji, na mimi sibishani naye, ndiyo maana nakutuma kwa huyo wa damu kwanza, faraghani, kabla hajasimama mbele ya watu na karatasi ambayo mtu mmoja akiuliza tu imetoka wapi, itamvua nguo. Aibu ya mjomba wako iko Alhamisi, mwanangu. Jumapili sebuleni kwake ni mazungumzo tu ya watu wa nyumba moja.

Ukifika, mwamkie, kaa chini, umwambie hivi: "Mjomba, ile karatasi niliiandika mimi, na maneno ni yako uliyonisimulia. Wasomi hawajasema kitu." Usimwambie amedanganya, kwa sababu hujui, na mimi sijui. Inawezekana kabisa mama yake alimsimulia hivyo na yeye ameshika alichopewa. Mwambie anayo haki ya kwenda barazani akasema kwa kinywa chake, "Hivi ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu." Hayo ni maneno mazito, wazee wetu wamesuluhisha mambo mengi kwa maneno ya namna hiyo, na Bi Mwaisha naye atasema ya kwake, watapimwa wote wawili. Kisichofaa ni yeye kusema mara mbili, mara moja kwa kinywa na mara ya pili kwa plastiki, watu wakadhani ni mashahidi wawili.

Atakasirika. Alikusomesha, na sasa unamnyang'anya kitu kilichomfurahisha, kwa hiyo mwache akasirike, usijitetee, usiondoke mpaka akuruhusu. Wajomba hukasirika na hubaki wajomba. Ikifika Jumatano bado anasema karatasi inaenda, basi Alhamisi uwe pale barazani asubuhi na ile historia ya ukurasa mkononi, umwombe mwenyekiti dakika tano. Mwambie mjomba mapema kwamba utakwenda. Asishtukizwe. Itakuuma, na kuna wajomba wengine hawatakusalimia mwaka mzima, siwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini aliyekusomesha alitaka ujue kusoma na kuandika, na haya ndiyo matokeo yake, mazuri na machungu.

Ukitoka kwa mjomba Jumapili hiyohiyo, usirudi Mafiga kabla hujashuka bondeni. Bisha hodi kwa Bi Mwaisha, jitaje, omba radhi, halafu nyamaza, mwombe akuambie anachokijua tangu mwanzo. Hutakiandika popote, wala hutaamua nani mkweli. Utakaa tu umsikilize mpaka amalize. Yule mama amelima bonde hilo tangu ujana wake, tumeibishania sentensi kwenye mtandao, tumeiprinti, tumeitia plastiki, na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza.