Mama Bati Asoma Sura ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Bahasha nene mezani kwangu chuoni. Mswada wa kutathmini, kutoka kwa mhariri wa mfululizo wa vitabu vya historia. Jina la mwandishi limefichwa kama kawaida: mimi nisimjue, naye asinijue. Mada? Historia ya jiko. Jiko! Nimecheka peke yangu. Nani huyu anayeingia jikoni kwangu bila hata kupiga hodi?

Wanafunzi wananiita Mama Bati, wanadhani sijui. Ni kwa sababu ya kitabu changu. Nilisema watu wa zamani walipikia nje kwa kuogopa paa la nyasi lisishike moto, na mabati yalipokuja, jiko likaingia ndani. Kitabu kizima kimesimama juu ya hoja hiyo. Kinafundishwa. Kinanukuliwa. Kimenipatia hii ofisi yenye dirisha.

Nitampokea mgeni wangu kwa upole.

Jumanne, 5 Machi

Upole umekwisha!

Sura ya tatu yote ni mimi. Anaanza kwa heshima zote, eti “mtafiti ambaye sote tumechota kisimani kwake”, halafu taratibu ananivua nguo hadharani. Anasema majiko yaliingia ndani miaka mingi kabla ya bati la kwanza. Na ushahidi anao: kesi za majirani. Mwanamke mmoja amemshtaki mwenzake kwamba moshi unatoka dirishani na kuharibu nguo alizoanika. Dirishani! Na nyumba yenyewe imeelezwa humo humo kwenye kesi, paa la nyasi!

Nimefunga mswada. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Chai ikapoa.

Jioni nikayamwaga yote mezani. Mume wangu, daktari wa meno, kwake dawa ni moja: “Ng’oa.” Dada yangu yeye akauliza tu, “Lakini ameandika vizuri?” Dada ndiye mkubwa wangu, amestaafu idara ya nyaraka, anaishi nasi tangu shemeji atutoke. Nikamjibu: vizuri mno, na ndicho kinachoniudhi! Akaniongezea mboga kwenye sahani.

Alhamisi, 7 Machi

Namshuku Profesa Tai. Yule wa kitivo cha jirani, anayevaa tai hata kwenye mazoezi ya mbio. Leo nimemsalimia kwa bashasha nyingi kupita kiasi, nimwone kama atashtuka. Hakushtuka. Aliniuliza kama naumwa.

Nimefika sura ya tano. Kama si mabati, basi nini kililiingiza jiko ndani? Nilikuwa tayari kumcheka. Najua watu hukwama hapo. Huyu hakukwama. Anasema jiko liliingia ndani ili jirani asijue siku ambayo halikuwashwa.

Nimesoma hiyo sentensi nikasimama. Nikazunguka meza. Nikarudi nikaisoma tena.

Ni kweli. Ni kweli kabisa! Miaka yote hii mimi nilikuwa natazama paa, yeye akatazama watu.

Ajabu ni kwamba sikuumia. Nilitaka kuumia, nikajitafuta, sikuona jeraha. Nilichoona ni furaha ya kitoto, kama zamani mtu alipokuonyesha kwamba kisanduku kilichokushinda kinafunguliwa kwa upande wa chini. Nikasoma hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nitalala humo.

Jumapili, 10 Machi

Dada na mimi tulikuwa tukipanga nguo zilizokauka. Nikamweleza ile hoja ya sura ya tano. Nimeanza kuitetea kama yangu! Akakunja shuka polepole, pembe kwa pembe.

“Unakumbuka mama alivyokuwa akihamishia jiko chumbani?” akaniuliza.

Nakumbuka! Siku zangu tamu kuliko zote. Mlango unafungwa, mama anaimba kwa sauti, anagonganisha sufuria na mwiko kama ngoma, sisi tunacheza juu ya kitanda. Nikamwambia Dada hivyo.

“Ulikuwa mdogo,” akasema. Akaendelea na foronya.

Jumatano, 13 Machi

Nimetuma ripoti. Kichapwe, nimeandika. Kichapwe upesi. Sura ya tatu iko sahihi, na aliyekosea ni yule mtafiti wa kisimani, na najua kwa uhakika kwamba hana kinyongo. Nimeomba mambo mawili tu: faharasa nzuri, na utangulizi usio na aibu, maana mwandishi anaingia ukumbini kwake mwenyewe akinyata.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikipiga mluzi. Muuza magazeti akaniuliza nimepandishwa cheo? Nimeshushwa, nikamwambia. Akanipongeza hivyo hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Nianze mwanzo.

Asubuhi, kifungua kinywa, sote watatu. Mswada bado ninao, nitaurudisha wiki ijayo. Nikasema lazima niwasomee kipande ninachokipenda kabla haujaniondoka. Mume wangu akaguna. Dada akapaka mkate siagi. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani: “Ukuta wa jiko haukujengwa ili kuficha kilichopikwa…”

Nikatua nivute pumzi, kwa mbwembwe tu.

“…bali kuficha kilichokosekana,” akamalizia Dada, mkate mdomoni.

Nikatazama karatasi. Neno kwa neno! Nikamtazama yeye. Kisu cha siagi kimeganda hewani. Mume wangu akainuka ghafla, eti amekumbuka ana mgonjwa. Jumamosi! Kliniki imefungwa!

“Kaa chini,” nikamwambia. Akakaa.

“Dada, hii uliisoma wapi?”

“Sikuisoma.”

“Basi ulijuaje?”

Akaweka kisu chini, akafuta vidole kimoja kimoja. “Mdogo wangu,” akasema, “wewe una shahada ngapi vile?”

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani. Dada! Dada yangu, chumba cha mwisho koridoni, niliyedhani jioni anafuatilia tamthilia kwenye redio! Kumbe redio ilikuwa ya kufunika mlio wa kompyuta. Na huyu mng’oa meno alijua tangu mwanzo. Mswada wote umetolewa kwenye printa ya kliniki yake, kati ya mgonjwa na mgonjwa. “Niliapishwa,” akasema, kichwa chini kama mtoto wa shule.

Nikauliza, kwa nini hukuniambia? Mimi! Wa tumbo moja!

“Ningekuambia, ungenisaidia,” akasema Dada. “Ungenisaidia, kingekuwa kitabu chako. Wewe ukishika kitu hukiachi, nakujua tangu unatambaa.”

Ni kweli, hata mwanasesere wake sikumrudishia.

“Halafu niliogopa sura ya tatu,” akaongeza. “Niliiandika na kuifuta sijui mara ngapi. Nikasema huyu akiisoma atanihamisha chumba. Siku ile ulipotaja hapa mezani kwamba mswada uko kwako, chakula hakikupita kooni.”

“Uliniongezea mboga!”

“Ningefanya nini na mikono?”

Tukacheka hadi mume wangu akaleta maji. Kisha, tukiwa bado tunapangusa macho, nikamuuliza lile la chumbani. Zile siku za mama.

Akaniambia. Siku zile jiko halikuwa na moto. Mama aligonganisha sufuria ili wapangaji wenzetu wasikie anapika, na aliimba ili sisi tusisikie njaa. Dada alikuwa mkubwa kidogo, akajua. Mama akamwomba asiniambie, naye Dada akaitunza siri hiyo hadi leo, halafu akaenda kwenye makabati ya nyaraka kutafuta kama kulikuwa na mama wengine. Akawakuta wengi.

Nililia kidogo. Si kwa huzuni tu. Nilikuwa na siku tamu kuliko zote, na watu wawili walizitengeneza kwa sufuria tupu. Nikambusu Dada kwenye paji la uso, siagi ikanibaki kidevuni.

Jumapili, 17 Machi

Tatizo. Mtathmini hatakiwi kuwa ndugu wa mwandishi, kanuni ndiyo hiyo. Dada alitumia jina la marehemu shemeji, mhariri angejuaje? Na kamati inakaa kesho alasiri. Wakisikia, ripoti yangu inatupwa, kitabu kinarudi mwanzo wa foleni, na mfululizo wenyewe unasemekana utafungwa mwaka huu.

Nikasema tunyamaze. Niliandika nikiwa sijui kitu! Ripoti ni safi!

Dada akakataa katakata. “Nimeandika kitabu kizima kuhusu watu wanaoficha, halafu nacho kiingie kwa kujificha?”

Mume wangu akasema, “Hapo sina ganzi ya kukupa.” Nikamtupia mto.

Lakini ana haki, Dada. Kesho tunaenda wote.

Jumatatu, 18 Machi

Tuko kwenye benchi, koridoni, nje ya ofisi ya mhariri. Naandikia gotini. Mule ndani kuna sauti. Kamati imeanza mapema kuliko tulivyoambiwa! Katibu ametuambia tusubiri, akatuletea viti vizuri zaidi, tumekataa kuhama.

Dada amevaa gauni lake la buluu, lile la harusi ya binti yangu. Ana mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Nimemuuliza anaogopa? Kwamba kitakataliwa, anasema, haogopi, maana ameshasomwa na mtu aliyemtaka. Halafu akanikemea nisitabasamu kama mjinga mbele za watu.

Tumekubaliana: nitaanza mimi, niseme mimi ndiye mtathmini na huyu ni dada yangu, lawama niibebe mimi. Yeye atazungumza akiulizwa tu. Nimemfundisha njia nzima. Ametikisa kichwa vizuri, ndiyo, ndiyo.

Viti vinaburuzwa ndani. Mtu anacheka, na wallahi ni kicheko cha Profesa Tai! Kumbe yumo kwenye kamati. Nami nilivyomchekea wiki ile, sijui atasema nini.

Mlango unafunguka. Mhariri, miwani juu ya nywele, mswada kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Anatutazama, mmoja baada ya mwingine. Anauliza tunamhitaji nani.

Nafungua mdomo. Dada ameshasimama.

“Mimi ndiye mwandishi,” anasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.