Mstari Ulionyooka Hadi Shuleni

Jumamosi, Kibaha. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nina hasira ya kimya, ile ambayo hata chai haiiteremshi.

Leo nilikuwa kijijini kwa dada yangu Zuhura, upande wa Kisarawe, kuandika habari ya mkutano. Wazazi wanaomba bweni. Masika yakianza bonde hujaa maji, na watoto hulazimika kulizunguka lote ndipo wafike sekondari. Zuhura ameshasema: bila bweni, binti yake Mwajuma anaacha shule. Yuko kidato cha kwanza.

Afisa wa elimu aliyekuja na jibu la ombi alifungua ramani kwenye simu. Akagusa kijiji, akagusa shule, mstari ukachoreka juu ya bonde.

"Hapo si pua na mdomo? Bweni ni la wanaotoka mbali."

"Kwani tumezaa kanga, baba, waruke?" Zuhura akauliza.

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, kisha akakataa ombi.

Asubuhi Mwajuma alinieleza wanachosoma kwenye fizikia. Umbali ni njia yote uliyopita, pamoja na kona zake. Uhamisho ni mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipofika, na mwelekeo wake. Mwalimu amewaonya: ukivichanganya kwenye mtihani, umekosa.

Kwenye mkutano, ukivichanganya hukosi. Unaamua.

Nimeripoti mikutano mingi na huwa sishtuki. Lakini yule bwana alikuja kwa gari, na gari lake lililizunguka bonde lile lile. Nilimuuliza kuhusu hilo.

"Mwandishi, usinikuzie mambo," akasema, akafunga mlango.

Mhariri ameniambia iwe habari fupi, ukurasa wa ndani, nafasi ikipatikana.

Kwa hesabu ya uhamisho, mtoto anayetoka kwao alfajiri akarudi jioni hajaenda popote. Sifuri. Niliiandika sentensi hiyo kwenye habari, nikaifuta mwenyewe kabla mhariri hajaikata.

Hapa kwangu kuna chumba kimejaa magazeti ya zamani, mengi yana habari zangu. Kesho nayatoa yote. Mwajuma atakuja kukaa humo, nimtafutie shule huku Kibaha.

Nimempigia Zuhura kumwambia.

"Ahsante, kaka. Na wenzake anaotembea nao?"

Mvua ndiyo kwanza inaanza kudondoka.