Vipimo vya Kitindamimba Wako

Shangazi mpendwa,

Pokea shikamoo yangu. Nina heshima ya kukuarifu kwamba nimeajiriwa chuoni kuwa mtafiti msaidizi. Tunawauliza wanafunzi wanafanya mazoezi kiasi gani, kisha tunawapandisha kwenye mizani ya kisasa inayotenganisha uzito wa misuli na wa mafuta. Wenzangu huniita "Profesa", ingawa kwa dhihaka.

Kitindamimba wako yumo miongoni mwa tunaowapima. Mwezi wa kwanza wa utafiti alionekana kuwa na mafuta machache kuliko wote. Nami, kwa kutaka kuonekana hodari, nikampigia makofi mbele ya wenzake: "Igeni mfano huu!"

Tangu hapo anakimbia asubuhi na jioni. Juzi alishika ukuta ndipo akaweza kupanda mizani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, umekonda mno. Twende hospitali."

Akacheka. "Kaka, si wewe uliyenisifu? Na ukimwambia mama, kazi huna."

Ni kweli. Nilitia saini kwamba vipimo vya mtu havitatoka katika chumba cha kupimia, na anayekiuka hufukuzwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nami kwa siku tatu nimekuwa nikimsaidia kuficha. Hali yake ni ya hatari, Shangazi, na aliyemchochea ni mimi. Wakinifukuza, nimeyataka mwenyewe.

Tafadhali njoo Jumamosi. Usimpigie simu kwanza, maana atakuambia ameshakula, nawe utamwamini.

Mwana wa kaka yako, akuheshimuye.